Kiti cha Mwanafunzi Kwenye Kikao

Ndani ya basi, mkuu wa chuo alikuwa akibishana na abiria wa pembeni yake, msajili mstaafu. Kwenye kiti cha nyuma yao, binti mwenye haya, mwanafunzi wa chuo hichohicho, alitega sikio.

"Mwanangu, ukiwaita wanafunzi kupanga ratiba, watapanga likizo tu!" alisema msajili.

"Na sisi tulipopanga wenyewe, mzee wangu? Muziki na hesabu, ukumbi mmoja, saa ileile!"

"Hesabu zikaimbwa?"

"Mpaka kwenye mtihani!"

Binti alibana kicheko; naye alikuwa mmoja wa walioimba.

"Baraza la chuo linakaa leo," mkuu aliendelea. " Nisipopeleka jina la mwanafunzi mmoja, wazo langu la kuwapa kiti kwenye kikao limekufa. Wote wanaogopa."

"Si nilikwambia?"

Basi likasimama langoni. Binti, ambaye hata akiitwa jina darasani huitika kwa kunong'ona, akajikuta wima.

"Mwalimu," alisema, hata dereva akageuka, "niandike mimi."