Swichi ya Taa za Ukungu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemezwa kwenye ukuta wa gereji, mguu mmoja umewekewa kipande cha tairi ili lisiyumbe. Hapo hushinda Kinyozi, ambaye wateja humfuata hapo hapo na kumburuta mpaka dukani kwake. Hushinda Injinia, muuza matairi makuukuu, aliyejipa uinjinia mwenyewe na hakuna aliyepata nguvu ya kumvua. Na akipumzika, hukaa hapo Fundi, mwenye gereji. Kahawa humiminwa na dada mdogo wa Fundi, ambaye mumewe ni dereva wa lori. Alasiri hiyo habari ilikuwa lori hilo hilo, maana jana yake Fundi alilifungia loki kwenye difu ya mbele, na asubuhi shemeji yake akalipandisha mlimani kufuata mbao.

— Hebu tufumbue macho, Fundi, alisema Kinyozi. Hiyo loki kazi yake nini? Sisi watu wa mkasi hatujui.

— Difu inaziacha tairi mbili za mbele zizunguke kila moja na mwendo wake. Kwenye kona, ya nje inakimbia, ya ndani inajivuta. Sasa ukiingia kwenye tope, moja inateleza inazunguka bure, mwenzake imesimama inaiangalia. Ukibana loki, zote zinavuta pamoja. Unatoka.

— Lori la hivyo linapanda ukuta, alidakia Injinia.

— Acha kamba, wewe.

— Kamba gani? Nililiona kambini kwa wanajeshi. Lilipanda ukuta, likashukia upande wa pili, dereva hajamwaga hata chai.

— Jeshini ulikwenda lini?

— Nilipeleka matairi.

Dada mtu alicheka huku akimimina. Fundi naye alicheka, kwa raha ya mtu aliyemaliza kazi ngumu na kusifiwa.

— Ila mimi nauliza, alisema Kinyozi. Kama zote zinakwenda mwendo mmoja, kona inakatwaje?

— Usukani unakuwa mzito. Ndiyo maana unabana kwenye tope tu, unakwenda taratibu. Ukishatoka, unafungua.

— Na asipofungua?

— Hapo ndipo penyewe, alisema Injinia, akisogea mbele. Usukani unakufa ganzi. Lori linataka mbele, linakwenda mbele. Kuna moja lilikataa kona, likanyoosha, likakata mashamba ya watu mpaka mafuta yakaisha. Walipolikuta dereva bado kashika usukani, ndevu zimemfika kifuani.

— Nasikia na breki zinakataa, alisema Kinyozi.

— Breki, honi, hata mlango haufunguki. Lori likishabana mbele halimsikilizi mtu.

Walicheka mpaka benchi likatikisika. Fundi hakucheka. Alikuwa ameinua macho kuutafuta mnara wa simu ulio juu ya mlima, ambao kutoka kwenye benchi lile huonekana kila siku, na hakuuona. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi katikati ya mlima, kwenye zile kona za barabara.

Mwenye lori alikuwa amemkataza kutoboa dashibodi kuweka swichi mpya. Na kwa kuwa taa za ukungu zilikwishapasuka vioo, ingawa bado ziliwaka, Fundi alizing'oa, na swichi yake akaiunganishia loki. Aliona amefanya jambo la akili. Asubuhi alikuwa amekwenda kununua boliti shemeji yake alipokuja kulichukua lori, wakaongea kwenye simu tu. Loki iko tayari, alimwambia, ukirudi nitakuonyesha. Hakumwambia swichi ni ipi, wala kwamba taa zimeng'olewa. Na shemeji yake ameibonyeza swichi ile miaka nenda rudi, kila ukungu unaposhuka, bila hata kuitazama.

Fundi alitoa simu akapiga. Haikupatikana. Akapiga tena.

— Unampigia nani, kaka? aliuliza dada yake.

— Mtu wa vipuri.

Kinyozi na Injinia walikuwa wamefika kwenye hadithi ya lori lililobana loki likaingia ziwani na kutokea ng'ambo. Fundi alitamani kuwaambia wanyamaze, lakini wangemuuliza kwa nini. Alipiga mara ya tatu, kahawa ikammwagikia gotini, wala hakuhisi moto wake.

Ndipo kigari chenye matenga ya nyanya kilipokuja kusimama mbele ya gereji, taa zinawaka mchana kweupe, tope hadi madirishani. Dereva wake, ambaye hakuwa mtu wa kijiwe, alishuka akinyoosha mgongo, akaomba kahawa.

— Huko juu hakufai, alisema. Huoni hata pua yako. Dada, yule mzee wako na mbao zake tumeanza kushuka pamoja. Mimi nikatangulia.

— Yuko nyuma yako?

— Alikuwa nyuma. Kabla hatujaondoka nilimwambia awashe taa za ukungu, nipate kumwona kwenye kioo. Nikamwona anabonyeza swichi. Hazikuwaka. Akasema basi, atanifuata hivyo hivyo.

— Halafu?

— Kona ya kwanza nilimwona. Ya pili sikumwona. Nikajua amesimama kusubiri ukungu upungue.

Dada mtu aliweka birika chini. Akamgeukia kaka yake, si kwa hasira, bali kama anavyomgeukia siku zote panapokuwa na jambo la gari asilolielewa.

— Kaka, zile taa zimeharibika lini?

— Nilizitoa mimi, alisema Fundi. Swichi nimeifungia kitu kingine.

— Kitu gani?

Fundi alimtazama Injinia, Injinia akatazama viatu vyake. Kinyozi alikuwa ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

— Semeni basi, alisema yule dada. Nyinyi si mmekuwa mkieleza mambo ya malori tangu mchana?