Maneno Niliyopewa na Maiti

Sogezeni viti vyenu, wanangu, Wendell kaa hapa kulia na wewe Lorna kaa upande wa sikio langu zima, lile jingine liliondoka na bastola za uongo za studio, na mniache niseme mpaka mwisho bila kunikatiza, kwa sababu pumzi iliyobaki si ya kubishania. Jana daktari alikaa ukingoni mwa kitanda hiki akawa ananipigapiga mkono taratibu kama mtu anayemtuliza farasi, nikajua. Mimi mwenyewe nimeigiza madaktari wengi wenye habari mbaya, na wote niliwafanya wawapigepige wagonjwa mkono namna ile ile.

Nyumba hii ya Reseda ni yenu wawili, sawa kwa sawa, pamoja na milimao ya mama yenu huko nyuma. Gari achukue Wendell. Picha zangu na makaratasi yote yaliyo kabatini achukue Lorna, ayatunze au ayachome, shauri lake. Lakini nyumba isiuzwe maadamu Emmett Quarles yu hai, na kile chumba cha nyuma anachokaa kibaki chake, na mezani kwenu apate sahani yake kama anavyoipata leo.

Wendell, nimeona ulivyokunja uso. Jumapili iliyopita mlidhani nimelala, nikakusikia pale barazani ukimwambia Emmett aanze kuulizia makao ya wazee. Ulimwambia kwa adabu, sina ugomvi na wewe. Siku zote umemwona kama mzee niliyemwokota kwa huruma, aje ale chakula chetu na kusoma magazeti yetu. Umeamini hivyo kwa sababu mimi baba yako nimekuacha uamini hivyo, na kuna jambo nimelificha kwa miaka ishirini na sita. Leo nataka kuliondoa jambo hili kifuani, na nawaombeni mlisikie lote kabla hamjanihukumu.

Kazi yangu mnaijua kwa mbali tu, kama watoto wengi wanavyoijua kazi ya baba. Niliondoka Nebraska mwaka 1935 na sanduku moja kuja huku kutafuta kazi ya filamu, baba yangu akiwa amenigeuzia mgongo kwa kuwa nimekataa duka lake la mbegu, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba nitakuwa mtu wa mbele, yule anayembusu msichana mwishoni. Mwezi wa kwanza mama mmoja wa ofisi ya kuchagua waigizaji alinizunguka kama anayekagua meza ya mitumba, kisha akasema, "Wewe una sura ya mtu anayeletewa habari mbaya kwa barua." Basi, ndiyo ikawa kazi yangu kwa miaka thelathini na minne. Nilikuwa karani wa hoteli, kinyozi, mwenye baa, msaidizi wa sherifu anayepigwa risasi kabla watazamaji hawajamaliza bisi zao. Katika filamu nyingi jina langu halikuandikwa. Watu walinijua bila kujua wananijulia wapi. Lorna, unamkumbuka yule mwanamke dukani aliyenishika mkono akashikilia kwamba mimi ndiye niliyemuuzia mumewe bima kule Fresno na bima yenyewe haikulipa? Alikuwa na hasira ya kweli, nikaona ni vyema kumwomba radhi na kumwahidi kwamba nitaliangalia faili lake.

Sikuionea haya kazi hiyo hata siku moja. Mtu wa mbele analia, na nchi nzima inatazama machozi yake, lakini lazima awepo mtu wa kumfungulia mlango na kummiminia kahawa, na huyo akiimimina kahawa kwa uongo, hata machozi hayaaminiki. Mimi niliimimina vizuri. Nataka mlijue hilo.

Emmett nilikutana naye mwaka 1938, kwenye benchi nje ya ofisi fulani, sote tumeitwa kugombea nafasi moja ya mwenye duka la majeneza. Alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akasema, "Ndugu yangu, chukua wewe. Mimi nikivaa nyeusi, watu wanadhani nimekuja kucheza dansi." Akasimama, akaenda zake, na nafasi nikapata mimi. Tangu hapo tukawa tunakula mchana pamoja, tukisimangana kuhusu nani amekufa vibaya zaidi kwenye filamu wiki ile. Yeye alikuwa bora kuliko mimi, na hilo wote waliokuwa kwenye kazi ile walilijua.

Lorna, nipe maji. Kidogo tu. Ahsante, mama.

Sasa njooni mwaka 1952. Televisheni ilikuwa ngeni, na michezo ilirushwa moja kwa moja, ukikosea umekosea mbele ya nchi nzima. Mwongozaji mmoja, Bwana Brandvold, alinipa nafasi ya mkulima mzee anayemzika kaka yake baada ya miaka kumi na tano ya kutosemezana. Dakika saba nasimama mbele ya jeneza nazungumza peke yangu. Miaka kumi na saba nimeigiza, sikuwahi kupewa zaidi ya sentensi kumi. Emmett alipewa yule kaka, ambaye sehemu ya kwanza yuko hai na sehemu ya mwisho amelala jenezani. Tulisherehekea kwa sandwichi za nyama ya nguruwe tukiwa tumekaa juu ya kreti nyuma ya studio, tukajiona wafalme.

Siku tisa kabla ya mchezo, Lorna, ulisema shingo inakuuma. Ulikuwa na miaka sita. Kesho yake asubuhi uliteremka kitandani na miguu haikukushika. Ilikuwa polio. Wewe Wendell tukakupeleka kwa shangazi yako Bakersfield, na mimi na mama yenu tukahamia kwenye ujia wa hospitali, maana ndani hatukuruhusiwa, tulikutazama kupitia kioo ukiwa ndani ya ile mashine ya kukupumulia, kichwa peke yake nje. Emmett alikuja kila siku mchana na makaratasi ya mchezo. Alikaa na mimi kwenye lile benchi akinisomea maneno yangu nami nikiyarudia, mara kumi, mara ishirini, naye hakunung'unika. Yeye yalimwingia yote. Mimi hayakuniingia, kwa sababu nilikuwa naisikiliza mashine yako, ikivuta, ikitoa, na roho yangu ikiwa juu kila ilipokawia.

Nilimpigia simu Bwana Brandvold atafute mtu mwingine. Alisema muda umekwisha. Mama yenu alinishika kola ya koti akaniambia, "Nenda, Orville. Hapa sote tumesimama tu. Nenda ukafanye kitu unachokiweza." Nikaenda.

Mchezo ulirushwa saa kumi alasiri, ili kule mashariki wauone wakiwa mezani. Sehemu ya kwanza ilipita salama. Ya mwisho ikafika, nikasimama mbele ya jeneza, nikasema sentensi nne au tano, nikafika mahali mkulima anapomwambia kaka yake, "Wewe ndiye uliyenifundisha kutembea." Nilipolitamka hilo, wanangu, nikaiona miguu yako, Lorna, na kichwa changu kikawa kitupu kama chumba kilichohamwa. Si sentensi iliyofuata tu iliyopotea, hata jina la mchezo sikulijua. Mtu wa kukumbusha maneno alikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, na akisema kwa nguvu ya kunifikia, kipaza sauti kingemnasa. Kamera ikawa inanitazama. Nchi nzima inanitazama.

Ndipo nikasikia sauti kutoka jenezani. Ndogo, kama ya mtu anayepuliza chai. Emmett alikuwa amefumba macho, uso umepakwa unga, mikono kifuani, na midomo haikufunguka zaidi ya unene wa karatasi. Akanipa sentensi. Nikaisema. Nikainama kidogo nisikie, akanipa nyingine, nikaisema. Akanichukua hivyo mpaka mwisho, neno kwa neno, dakika sita nzima. Na kwa kuwa nilikuwa namwinamia, na kunyamaza kabla ya kila sentensi, watu waliona mkulima aliyevunjika moyo anayemtafutia kaka yake neno alilochelewa kumwambia. Walilia kutoka pwani hii mpaka ile. Gazeti moja liliandika kwamba halijapata kuona mwigizaji anayejua kunyamaza kama mimi.

Lakini kamera ya pembeni ilikuwa imemwona Emmett. Maiti amechezesha midomo. Siku ya pili yake ndiyo ikawa kichekesho cha mji, kwenye redio, kwa vinyozi, kila mahali. Mwigizaji ambaye hata kufa kumemshinda, ndivyo walivyomwita. Walidhani alikuwa amelewa, au anafanya mzaha katikati ya kazi ya mwenzake.

Jioni ile ile ya mchezo, kabla kicheko hakijaanza, nilimfuata nikamuuliza kwa nini alifanya vile na anajua kamera ilipo. Alikuwa anajifuta unga. Akasema, "Ulikuwa na mtoto hospitalini, Orville. Mimi nilikuwa nimelala tu."

Kicheko kilipoenea nikamwambia nitawaandikia magazeti, niwaeleze. Akanizuia. Akasema ngoja mtoto apone, ngoja upate kazi ya maana kwanza, mimi nitapona kicheko hiki. Nikangoja. Wiki tatu baadaye nikaitwa kuwa daktari wa mji kwenye ule mchezo wa televisheni wa wachunga ng'ombe, miaka sita mfululizo, na ndio ulionunua nyumba hii na kulipia viatu vyako vya chuma, Lorna, na masomo yako, Wendell. Emmett hakuitwa tena kwa kazi ya maana. Walimwita mara mbili, zote alale jenezani na kukonyeza, watu wacheke. Akaenda Burbank kuchanganya rangi kwenye duka la rangi, akachanganya kwa miaka kumi na tisa. Nami bado nilikuwa nangoja.

Sikukosa nafasi ya kusema. Niliogopa. Niliogopa kwamba mkiondoa zile dakika saba kwenye maisha yangu, hakitabaki kitu.

Wendell, Sikukuu ya Shukrani ya mwaka 1959 ulikuwa na miaka kumi na sita. Baada ya bata mzinga ukajilaza kwenye kochi, ukakunja mikono kifuani, ukachezesha midomo, na meza yote ikaangua kicheko, Emmett mwenyewe akiwepo. Yeye alicheka kuliko wote, akakuambia umekosea kidogo, midomo yake ilikuwa imebana zaidi. Hukuwa na kosa, kichekesho hicho ulikisikia kwangu, mimi ndiye niliyekuwa nakitia chumvi kwenye karamu za watu. Na siku ile nami nilicheka, mwanangu. Nilicheka mpaka nikafuta macho. Mama yenu akainuka akaenda kuosha sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Yeye alijua. Ndiye aliyemwita Emmett aje kukaa chumba cha nyuma, mwaka 1971, wiki chache kabla hajatutoka, na ndiye aliyeniambia, "Waambie watoto, Orville, usiwaachie wajue kwa watu." Nikamwahidi. Miaka saba hiyo imepita, na kila asubuhi Emmett ananiletea kahawa hapa, na kila asubuhi nimesema kesho.

Wendell, usione haya kulia mbele yangu. Nenda kamwite. Nitapumzika kidogo wakati unakwenda.

...

Kaa hapo, Emmett, kwenye kiti cha Wendell. Nimewaambia. Yote, kuanzia lile benchi la hospitali. Usitikise kichwa, wewe huna ruhusa ya kukataa leo. Nilikuibia jina lako, ndugu yangu, nikalijengea nyumba, kisha nikakukaribisha humo kama mgeni. Nakuomba unisamehe mbele ya watoto wangu.

Mmesikia anavyosema? Anasema kahawa yangu imepoa, atakwenda kutia nyingine. Huyu ndiye Emmett. Keti, bwana, achana na kahawa.

Sasa sikilizeni la mwisho, maana sauti inaniishia. Mazishi yangu yawe mchana, kanisa dogo, mchungaji asirefushe. Watakuja wazee wa kazi yetu, wale wachache waliobaki. Wendell, wewe usimame uwaeleze nani alisema yale maneno. Usinipambe. Sema kama nilivyokuambia. Lorna, uandike barua magazetini, jina lake uliandike kwa ukamilifu, Emmett Josiah Quarles, wasije wakakosea herufi.

Lorna, mwanangu, nisogezee uso wako. Hivyo. Wendell, mkono wako.

Mungu awabariki katika kazi zenu hata kama hakuna anayezitazama. Awape mtu wa kukaa nanyi kwenye benchi siku mbaya, na... na awape ujasiri wa kumtaja mtu huyo angali anasikia. Msiwe kama mimi. Pendaneni. Mkigombana, iwe kwa siku moja tu, msilale na ugomvi.

Nimechoka sasa.

Nendeni mkale kitu, nyote wawili, tangu asubuhi hamjala. Emmett abaki. Hatuna la kusema... tutakaa tu.