Koti la Severini na Mikono ya Bi Hidaya

Baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi, Bi Hidaya Mwinjuma wa Kitengo cha Kompyuta alistaafu rasmi tarehe 30 Juni 2003. Jarida hili limeombwa limuage kwa maneno mazuri. Maneno mazuri tunayo. Yaliyobaki nayo tutayasema, maana waliokuwepo kwenye chai ya kumuaga ni wengi, na kila mmoja ameshasimulia kwake.

Alianza kazi mwaka 1979 kama mpiga chapa, kiwanda chetu cha kamba kikiwa bado cha umma, nazo zikitoka siku ambazo umeme umependa. Ni Mnyamwezi aliyezaliwa Msamvu, mwenye vidole vyepesi kupita kiasi. Asubuhi viliandika barua za mameneja, mchana vilisuka nywele za nusu ya idara ya kusokota. Wanawake walitoka hadi Kilakala kuja kukaa mbele ya magoti yake. Ilisemwa kwamba ukisukwa na Hidaya huhitaji kioo wala mume wa kukusifia.

Kompyuta zilipokuja, soko huria likiwa limeshatuletea kila kitu isipokuwa vipuri, alipelekwa kumsaidia marehemu Severini, Mluguru wa Matombo. Severini hakuwa mtu wa mausi, kile kipanya cha kompyuta. Alisema kinyama kile ni cha watu wasiojua wanakokwenda. Ndani ya programu aliyotumia kuandikia programu nyingine kulikuwa na dirisha jeusi la amri, linalopanda kutoka chini ya skrini. Humo ndimo kompyuta ilimoamriwa kuchapa lebo za marobota, na robota lisilo na lebo halitoki getini. Severini alizifuta menyu zote, akabakiza njia za mkato alizozibuni mwenyewe: vitufe vya kulipandisha dirisha, vya kuruka kutoka kwenye maandishi kwenda dirishani na kurudi, vya kulitanua, vya kulizamisha. Kidole chake kidogo cha kushoto, kilichopindwa na mashine ya kusokota enzi za ujana, kililala juu ya kitufe cha Kontroli kama kuku juu ya mayai. Hakumfundisha mtu. Ukimwuliza, alisema jicho likikaa karibu litajionea. Bi Hidaya alikaa karibu, na kwa kuwa Mnyamwezi na Mluguru ni watani, walitukanana kutwa kwa raha zao.

Severini alifariki ghafla, wakati mwekezaji akizunguka kiwandani kuamua kipi abaki nacho na kipi akiuze kama chuma chakavu. Msibani Matombo, Bi Hidaya alifanya kazi ya mtani. Alivaa koti la marehemu na miwani yake, akaufudikiza ungo magotini, akaugonga kwa vidole huku akilalamika kwamba chai ya ofisini ni maji ya kunawia. Wafiwa walicheka huku wakilia. Kwa desturi, mtani akimaliza kumwigiza marehemu hupewa kitu, hata ugoro wa pua moja, kisha huvuliwa nguo ile na mchezo unafungwa. Kazi hiyo ilikuwa ya Veronika, dada wa marehemu. Lakini mvua ya Uluguru ikashuka, jeneza likaharakishwa, na dereva wetu akaogopa kukwama. Bi Hidaya aliteremka mjini akiwa bado amevaa koti.

Jumatatu yake hakuna aliyeweza kulipandisha dirisha. Fundi aliyeletwa kutoka Dar alibonyeza mpaka akaomba soda. Bi Hidaya akakaa kitini, koti mabegani kwa sababu ya kiyoyozi, akageuka kumwuliza fundi soda gani. Dirisha lilipanda akiwa bado anamtazama. Lebo zikaanza kutoka. Mwekezaji, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kitengo kibaki.

Kilibaki, na Bi Hidaya akawa mfanyakazi bora mara kadhaa, tuzo alizozistahili bila ubishi. Ila ukimwuliza ni vitufe gani, hajui. Akijaribu polepole, vidole vilisimama juu ya kibodi kama watu waliosahau kilichowaleta sokoni. Mazungumzo yakianza, vilirudi kazini. Viliandika amri ambazo hakuwahi kufundishwa, na kidole chake kidogo cha kushoto, ambacho mashine haikuwahi kukigusa, kikaanza kupinda. Siku moja Frank wa stoo alimtania kwamba sasa ameiva. Akajibu bila kucheka, "Mimi msomaji tu, Frank. Anayeandika ninamfahamu, ila hanisikii."

Nywele ziligoma. Alipomkalisha mjukuu wake ili amsuke, vidole viligonga utosi, vikasubiri, vikagonga tena. Mtoto akapelekwa kwa jirani. Bi Hidaya alitaka kwenda Matombo kwa Veronika akavuliwe koti kwa desturi, na gari la kumpeleka halikukosekana. Wenzake wa kitengo na mameneja, kwa umoja adimu, wakamwomba asiende. Koti likivuliwa, dirisha litapandishwa na nani? Uongozi haukuamini mambo ya ugoro. Haukutaka tu kuyajaribu. Naye akawahurumia wanaokula kwa vidole vile, akakaa.

Ustaafu ulipokaribia, Bwana Bartholomeo, meneja utumishi, alikumbuka kwamba utani una pande mbili. Juliana wa kitengo hichohicho, aliyetoka likizo ya uzazi, ni Mluguru wa Mgeta. Basi naye avae koti, amwigize Bi Hidaya kwenye chai ya kumuaga, mikono ihamie. Alilisema kama mzaha, akalipanga kama kikao.

Juliana aliigiza vizuri. Alitembea kwa mwendo wa Bi Hidaya, akanusa chai kabla ya kuinywa kama afanyavyo yeye, nasi tukacheka. Akakaa kwenye kompyuta, akageuka kutuuliza nani amekula sambusa yake. Dirisha likapanda nyuma ya kisogo chake. Makofi yalianzia meza kuu. Bi Hidaya alikuwa akitazama mapaja yake: vidole vilikuwa vikisuka nyuzi za kitambaa cha meza, safi, kama zamani. Alikuwa amepona. Angeweza kubeba zawadi zake akaondoka.

Ndipo mtoto wa Juliana, aliyeletwa na shangazi yake ili anyonye, akalia. Juliana alimweka begani, akawa anampigapiga mgongoni. Watu wakaanza kuutazama mkono wake. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimepinda, kimelala. Kingine kiligonga. Kikasubiri. Kikagonga. Mtoto aliacha kulia, akafumbua macho, akawa anamtazama mtu nyuma ya mama yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Juliana alikuwa bado anatusimulia habari za sambusa.

Bi Hidaya alinyanyuka. Bwana Bartholomeo akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, ukimvua tumekwisha."

Bi Hidaya alimpita. Alichukua doti ya khanga tuliyomzawadia, akamfunika Juliana, akamvua koti. "Shika ujira wako, mtani," alisema. "Mchezo umeisha. Mbebe mwanao."

Dirisha lilizama, na hakuna aliyekuwa karibu na kibodi.

Alitoka na koti mkononi. Kabla hajafika mlangoni kidole chake kilikuwa kimeshapinda tena. Frank, aliyempa mkono wa kwaheri, anasema aligongwa kiganjani, kisha akahisi anasubiriwa.

Asubuhi Elia dereva alimpandisha Matombo, koti akiwa amelivaa. Veronika, mzee sasa, alitoka nje na ugoro kwenye jani la mgomba kabla hata hajaitikia shikamoo, akamvua koti, akalipeleka mwenyewe kaburini. Elia anasema njia nzima ya kurudi Bi Hidaya alilala usingizi, viganja wazi mapajani.

Kitengo kimefungwa. Juliana amehamishiwa kwenye mizani na mtoto wake analala vizuri. Marobota yanasubiri programu mpya, nasi tunasubiri pamoja nayo.

Asante, Bi Hidaya, kwa miaka yako na kwa ulichokikataa siku ya mwisho. Tunakutakia maisha mema, na vichwa vingi vya kusuka.