Mama Scolastica, Birika na Sauti Iliyorudi

Wapendwa waombolezaji, mama yetu Scolastica Ntirampeba alizaliwa tarehe 12 Machi 1965 huko Bururi, Burundi, na mwaka 1972 alivuka mpaka akiwa ameshika nguo ya mama yake, wakafika makazi ya wakimbizi ya Katumba, hapa Tanzania, ambako alimaliza darasa la saba mwaka 1982.

Mwaka 1984 alianza kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga mjini Mpanda, na tarehe 16 Agosti 1986 alifunga ndoa na baba yetu Arcade, aliyeipenda sauti yake kwayani kabla hajamwona uso, Mungu akawajalia watoto wanne, wa kwanza akiwa Aline.

Lakini vumbi la pumba lilimtesa, pua ikaziba mwaka mzima, kichwa kikawa kizito, maharage yakiungua hasikii harufu, na mwaka 2005 akaacha kwaya, akawa anakaa benchi la nyuma kanisani.

Mwaka 2008 muuguzi wa zahanati alimfundisha kuchemsha maji, kuyaacha hadi yawe vuguvugu, kutia chumvi kidogo, kisha kuinamisha kichwa na kuyamimina tundu moja la pua yatokee la pili. Baba alimkuta uani na birika, akamuuliza, "Mama Aline, siku hizi pua nayo inakunywa chai?" Akajibiwa, "Cheka tu, ila nishikie taulo." Akaishika, na tangu hapo yeye ndiye aliyewasha moto wa maji hayo.

Tatizo halikwisha kabisa, vumbi likizidi lilirudi, ila mvua za kwanza za Novemba mwaka huo ziliponyesha, mama alitoka nje akasema, "Baba Aline, udongo unanukia," akaketi kizingitini akalia, na Pasaka ya 2009 aliimba tena. Majirani wakaja kujifunza, naye aliwakaripia wote waliotaka kutumia maji ya kisima bila kuyachemsha.

Mwezi Machi 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, mikono ikaishiwa nguvu, baba akawa anamshikia birika yeye mwenyewe, hadi alipofariki tarehe 9 Juni 2025 katika hospitali mjini Mpanda, baba akiwa ameketi kando ya kitanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Katumba, wanakwaya, na wenzake wa mashineni waliofunga kazi ili wamsindikize.

Mama, baba anasema utangulie taratibu, usimwache mbali. Pumzika kwa amani.