Mbuzi Asiye na Alama: Maisha ya Rukiyo Kulow

Asalaam aleikum, ndugu, majirani na wageni wetu. Kwa kuwa wamo kati yetu wauguzi na walimu waliotoka mbali, familia imeona haya yasomwe kwa Kiswahili, na anayeyasoma ni Mahat Abdilatif, mdogo wa mume wa marehemu.

Kuna jambo moja ambalo Rukiyo ameondoka bila kulijua, nasi hatulijui. Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1992, alipotoka kutawadha alimkuta mbuzi jike, chuchu zimejaa maziwa, amefungwa kwenye nguzo ya mlango wake, na masikio yake yote mawili yalikuwa mazima, hayana ile alama ya ukoo ambayo kila mbuzi wa nchi hii hukatwa angali mdogo. Aliuliza Balambala nzima, aliuliza mpaka ng'ambo ya mto, na hakuna aliyesema ni wake.

Rukiyo alizaliwa Tarbaj, Wajir, mwaka 1954, tarehe moja Januari kama walivyomwandikia katika kitambulisho, ingawa mama yake alikumbuka tu kwamba ilikuwa siku ya pili ya mvua. Alisoma Kurani utotoni, na kusoma na kuandika Kiswahili alijifunzia darasa la ngumbaru hapa Balambala, mwaka 1983, akiwa na mtoto mgongoni. Tarehe 6 Mei 1972 aliolewa na Kerrow Abdilatif, mfugaji, wakajaliwa watoto sita, ambao wanne wako hai: Nafiso, Noordin, Istar na Hamze.

Ukame wa mwaka 1992 uliwamaliza ng'ombe wote wa Kerrow, na Hamze, aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi, alipopimwa mkono kwenye zahanati utepe ulisimama kwenye rangi nyekundu, ya utapiamlo mkali, akaandikiwa unga wa lishe wa wiki mbili, wa kwake peke yake. Lakini nyumba ile ilikuwa na watu wanane, pamoja na mama mkwe asiyeona, na Rukiyo hakujua namna ya kupika uji akamnywesha mmoja huku saba wakitazama, kwa hiyo aligawa kijiko kwa kijiko, na siku ya nne mfuko ukawa mtupu. Mtoto aliporudishwa amepungua zaidi, muuguzi wa wakati huo aliandika kwamba unga umeuzwa, naye hakuwa na njia ya kujua vingine, na Rukiyo hakujitetea, alijifunga tu mtoto mgongoni akarudi nyumbani. Mbuzi alikuja baada ya siku tano, na Hamze ni huyu aliyeketi hapa mbele.

Mbuzi wa maziwa wa kuazimwa hurudishwa kwa mwenyewe akikauka, pamoja na kizazi chake, ndiyo desturi yetu, ila huyu hakuwa na pa kurudi. Rukiyo akasema ni amana. Hakumkata sikio, wala wanawe, na kila aliyezaa alimpeleka nyumba yenye mtoto dhaifu mpaka mtoto apate nguvu. Sokoni walimtania, "Walaalo, ndugu yetu, huyu mbuzi wako ni kabila gani?" naye akawajibu, "Muulizeni nyinyi, mimi kila siku namuuliza, ananipa maziwa tu." Mwaka 1995 nyumba moja, ambayo hatutaitaja, ilifikiwa na wakwe kwa ghafla, ikamchinja mbuzi wa amana asubuhi ile ile, na watu walipochukia, Rukiyo alisema kwamba mgeni akikukuta huna kitu, akili hukimbia.

Kuanzia Machi 1993 alijitolea zahanati kupima watoto, na mtoto asipoongezeka uzito hakuuliza unga umekwenda wapi, aliuliza nyumbani mnalala wangapi.

Mafuriko ya mwaka jana yaliua mbuzi wa amana wanane, wakabaki watatu. Siku chache baada ya Idi, Rukiyo alishikwa na malaria, na kwa kuwa barabara ilikuwa imekatwa na maji, ilichukua siku mbili kumfikisha hospitali ya Garissa, ambako alifariki Alhamisi, tarehe 19 Februari 1998, saa nne asubuhi, akazikwa siku hiyo hiyo.

Tunawashukuru madaktari waliopambana hadi mwisho, majirani waliombeba kwa machela kuvuka matope, na wenzake wa zahanati, akiwemo muuguzi yule wa mwaka 1992, aliyesafiri kutoka Mandera kuja kutupa pole.

Jana baada ya Alasiri familia ilikaa kujadili wale mbuzi watatu. Nyumba haina kitu, na wapo waliosema, bila ubaya, kwamba watoto wa marehemu waanze kushiba wao. Ikaamuliwa kwamba amana hairithiwi, masikio yabaki mazima, na aliyezaa juzi aende kwenye nyumba yenye mtoto aliye hafifu kuliko wote. Nyumba hiyo ni ile iliyochinja. Noordin akaleta kamba. Aliyempeleka ni Nafiso, leo alfajiri, akamfunga mlangoni, akarudi bila kupiga hodi.

Pumzika kwa amani, Rukiyo Kulow. Amana yako imefika.