Mwombe Farasi Msamaha

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha fundi viatu, na ukitaka kukaa lazima kwanza usogeze soli za watu. Fundi mwenyewe tunamwita Gundi, kwa sababu maneno yake yakikunasa hayabanduki. Kuna Wakili, anayeuza makava ya simu na hajawahi kukanyaga mahakamani hata kama shahidi. Kuna mimi, kinyozi wa mlango wa pili, ninayekaa nje mpaka mteja aje, na watu siku hizi wamependa nywele zao. Na kuna Klachi, mwalimu wa udereva. Sauti yake inajulikana barabara nzima: “Klachi! Nimesema klachi, mama, hiyo ni breki!” Siku hiyo alikuja amenuna, akajimiminia kahawa bila salamu, nikajua leo kuna jambo.

– Nitampiga mtu, akasema.

– Maliza kikombe kwanza, Gundi akamjibu. Nani huyo?

– Yule mwalimu wa farasi. Yule wanayemwita Kapteni.

Binti yake Klachi anajifunza kupanda farasi kwenye mazizi yale ya nyuma ya kiwanda cha mbao. Shangazi mtu anafanya kazi ofisini huko, ndiye aliyemtafutia nafasi, na mtoto anampenda farasi wake kuliko chakula.

– Jana mwanangu kaanguka, akasema Klachi. Hajaumia. Basi badala ya kumpa pole, Kapteni anamwambia mbele ya wenzake, gunia la viazi linakaa vizuri kuliko wewe. Halafu anamwambia, umemtia farasi maumivu ya mgongo. Mwombe msamaha.

– Amwombe nani?

– Farasi! Tena apige magoti, tena kwa sauti, mpaka wa nyuma wasikie. Mtoto kapiga magoti mchangani, kofia imemwangukia machoni, anasema “nisamehe,” na farasi anatafuna tu.

– Kwani ulikuwepo? akauliza Gundi.

– Nimeambiwa.

Saa kumi jioni hiyohiyo mtoto alikuwa na somo jingine. Klachi hakujua amwache aende au amzuie, na mkewe alikuwa amekwisha kunawa mikono: wewe ndiye mwenye sauti humu ndani, amua.

Wakili akakohoa. Akikohoa ujue methali inakuja.

– Wahenga walisema, mpanda farasi wawili hupasuka msamba.

– Alipanda mmoja!

– Ndiyo maana hakupasuka. Shukuru.

– Tatizo ni buti, akasema Gundi, sindano mdomoni. Buti za wale watu nazijua, nimeshazitia soli. Zinabana kuanzia kidole mpaka goti. Mtu akibanwa huku chini, kitu lazima kitokee huku juu. Mvalishe Kapteni ndala wiki moja, utamsikia anaimba.

– Buti wapi! Ni kimo, Wakili akapinga. Mtu akishinda juu ya farasi, anaona tosi za watu tu. Jioni akishuka, miguu inashuka, kichwa kinabaki kulekule.

– Basi na wapaka rangi za maghorofa wangekuwa wakali.

– Umeshawahi kugombana na mpaka rangi? Usijaribu.

Nikaona na mimi nichangie, nisije nikaonekana nimefuata kahawa tu.

– Mnamwonea Kapteni bure. Mwenye shule ni farasi. Nani anapigwa brashi kila asubuhi? Nani anapelekewa chakula mpaka mlangoni? Kapteni ni mkalimani tu. Farasi kasema “sijaombwa radhi,” yeye akatafsiri.

– Ndiyo maana wanalala wamesimama, Gundi akadakia. Wana vikao usiku kucha.

Tulicheka mpaka soli zikaanguka. Klachi hakucheka, na iliniuma, maana upuuzi wote ule tulikuwa tunausema ili acheke yeye.

– Lakini na wewe, ndugu yangu, Gundi akamgeukia. Juzi si ulimwambia yule nesi unayemfundisha gari kwamba miguu yake ni ya kuazima?

– Gari ni gari! Gari linaua!

– Na farasi anabembeleza?

– Samaki mkunje angali mbichi, Wakili akatia neno.

– Mwanangu si samaki! Leo nakwenda pale. Namkamata shati. Namwambia, wewe Kapteni, na buti zako hizo, piga magoti! Mwombe mwanangu radhi, kwa sauti, mpaka wa nyuma wasikie!

Alikuwa amesimama, kidole hewani, na aliyasema vizuri hasa. Hata muuza matunda wa ng'ambo aliacha kupanga machungwa yake akasikiliza. Moyoni nilisema, Kapteni kwisha habari yake.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja ameshika kofia ngumu ya mtoto, ya kupandia farasi, ukanda wa kidevuni umekatika.

– Habari zenu. Fundi, nishonee huu tafadhali, mwanangu anaingia saa kumi.

– Karibu mama, keti. Tena tunaongea mambo ya hukohuko.

Mama aliketi, akamtazama Klachi, ambaye kidole chake kilikuwa bado hewani.

– Wewe si baba yake yule binti aliyeanguka jana?

– Ndiye mimi! Umeona alivyomfanya?

– Nimeona. Nilimwambia yule mwalimu amwache mtoto, akanijibu nikae chini au nimchukue wangu niondoke. Na wewe nilikuona, pale nje ya uzio, karibu na lango.

Sindano ya Gundi ilisimama.

– Mimi?

– Binti naye alikuona. Nilimfuata pale mchangani nimwinue, akaukataa mkono wangu. Akaniambia, “Usijali, mama. Baba yangu yule pale, anakuja.”

Hakuwa na ubaya, yule mama. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia.

– Mbona hukuja?

Klachi alishusha kidole. Wakili alilishika birika akalitikisa, kumbe tupu, akalirudisha mahali pake polepole. Nilimhurumia, na wakati huohuo nilimkasirikia kwa sababu ya yule mtoto.

Gundi alimaliza kushona, akakata uzi kwa meno, akauvuta ukanda kuujaribu. Kabla mwenyewe hajanyoosha mkono, Klachi akaichukua ile kofia, akashika njia ya mazizini.

– Unakwenda wapi? akauliza Wakili.

Mama yule ndiye aliyejibu, ameshainuka.

– Mwacheni, anachelewa.