Mwendo wa Flora Milembe, 1931–1994

Maneno haya ni ya mume wa marehemu, Athanasi Malimi. Anayasoma mpwa wake Marcelo, naye ameombwa asiruke mstari hata mmoja.

Marehemu Flora Milembe alizaliwa Sola, Maswa, mwaka 1931, msimu wa kupalilia. Mama yake alikuwa na ndala za ngozi ya ng'ombe, alizivaa siku za mnada tu. Siku nyingine miguu ilikuwa mitupu. Ndiyo maana watu wa zamani walikanyaga kwa unyayo mzima, taratibu, macho yakitangulia mguu. Milembe alijifunza kutembea hivyo, mtungi kichwani.

Shule hakusoma. Baba yake alisema msichana akisoma atasahau njia ya kisimani. Alipata mafundisho ya ubatizo, akabatizwa mwaka 1947.

Aliolewa Bariadi tarehe 12 Agosti 1950. Kabla ya posa, baba mkwe alikwenda Sola kumtazama. Uso hakuutazama. Alifuata nyayo zake kutoka kisimani, akarudi akasema, "Kisigino na vidole vimeshika mchanga sawasawa, na hakuna tone la maji lililodondoka. Huyo mtoleeni ng'ombe." Wakatoa.

Kazi yake ilikuwa kilimo cha pamba na mahindi. Pamba ilibebwa kichwani mpaka ghala la ushirika, na njia ilikuwa miiba mitupu. Mwaka 1958 mumewe akamkatia katambuga, ndala za tairi la lori. Katambuga haitaki kuburutwa: unainua goti, unatua mguu wote. Milembe akauzoea mwendo huo miaka zaidi ya thelathini. Aliacha alama ya tairi njiani. Wanawe wakimtafuta, waliifuata. Jirani alimwita mayu, yaani mama, akamtania, "Mayu, leo lori limepita mapema." Naye akajibu, "Limepita, na pancha halijapata. Wewe umeshaamka?"

Kisha serikali ikafungua biashara kwa watu binafsi. Wanunuzi wa pamba wakaja na magari yao, mitumba ikajaa mnadani, na watu waliotembea peku juzi wakaanza kucheka tairi.

Jumamosi tarehe 8 Oktoba 1994 mwanawe Dastan alioa. Nyanjige, dada wa mumewe, alimpokea Milembe mlangoni hivi: "Wifi, unakanyaga kama ng'ombe wa plau! Wakwe watatucheka." Akamvisha viatu vyeupe vya mtumba, vya kisigino kirefu, vidogo. Katambuga akazitupa jikoni ziwe za kuwashia moto. Milembe alimtazama mumewe. Mumewe alisema, "Vumilia, mwanao anaoa." Na hilo lisomwe.

Alitembea kwa ncha za vidole kama korongo. Watu wakapiga vigelegele. Kisigino kikachubuka mpaka nyama. Sherehe ilipokwisha hakuwa na cha kuvaa. Alirudi peku maili nne kwa njia ya ng'ombe, kidonda wazi, viatu vyeupe kavibeba kichwani.

Wiki ya pili taya likakaza. Hospitali walisema ni pepopunda. Alifariki Alhamisi tarehe 27 Oktoba, saa tatu asubuhi. Miiba ya Sola na ya Bariadi ilishindwa naye miaka sitini na mitatu. Ameuawa na kiatu cha sherehe.

Jana Nyanjige alivichukua viatu vile vile, akavifuta vumbi, akamvisha marehemu. Alisema, "Maiti haendi kwa Mungu na tairi." Mumewe amevivua. Hakumjibu jana, jibu ndilo hili linalosomwa. Marehemu amelala na katambuga mpya, na aliyezikata ni yule yule aliyekata zile za 1958.

Ameacha mume, watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja. Ameacha na wifi.

Viatu vyeupe viko juu ya kiti cha mbele. Mwenyewe aje avichukue, avivae hapa hapa, atembee navyo mpaka kwake kwa njia ile ya ng'ombe, sisi tukimtazama. Mume wa marehemu hatamcheka. Yeye siku ya kumtetea mkewe alimwambia avumilie, na leo atarudi nyumbani peku.

Flora Milembe, umetembea vizuri. Sasa pumzisha miguu.